Jumamosi za Wifi na Picha la Ngazi

Kazi ya kwanza ilikuwa kuziba matundu. Banda la video lilikuwa Kibiti, hatua chache kutoka barabara ya kwenda Ikwiriri. Lilijengwa kwa boriti za mikoko na kuezekwa kwa bati lililokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika pale, na kila msumari wa zamani ulikuwa umeacha tundu lake. Saa nane mchana jua lilipita kwenye matundu hayo na kutupa vidoa vyeupe juu ya kioo cha televisheni. Picha zetu hazikuwa na nguvu ya kushindana na vidoa. Basi tulipanda juu ya mabenchi, tukamega sabuni ya mche na kuziba tundu moja baada ya jingine. Mlangoni tukashusha turubai. Ndani kukawa giza na joto na harufu ya sabuni, jenereta ikaunguruma nyuma ya ukuta, na hapo Jumamosi ya wanawake ikawa imeanza.

Ilikuwa ni miaka ya ruksa, vitu vya nje vilipokuwa vikiingia kwa wingi na kila mwenye mtaji kidogo akitafuta la kufanya. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa Kibiti karibuni tu. Huyu ninayemwita wifi ni dada wa mume wangu, na mwenye banda alikuwa mume wake, shemeji yangu. Siku sita za wiki banda lilikuwa la wanaume, wakitazama ngumi na bunduki. Jumamosi mchana, mpaka adhana ya alasiri, lilikuwa la wifi. Yeye ndiye aliyeomba siku hiyo, yeye ndiye aliyewaita wanawake wa mtaa, na yeye ndiye aliyesimama mbele na kufafanua picha. Alikuwa na mashamba ya mpunga na watoto wanne na kila aina ya kazi, lakini ukimuuliza ni kitu gani chake mwenyewe, alikuwa anajibu, "Jumamosi."

Picha zake zilikuwa za kutisha. Hakuzichagua kwa kuzipenda, angalau mwanzoni. Shemeji alikuwa akinunua mikanda kwa mafungu huko Dar es Salaam, na katika kila fungu ilikuwamo mikanda ambayo wanaume waliitupa pembeni: haina steringi, yaani yule shujaa asiyekufa, haina ngumi, ina nyumba kubwa tu na watu wanaotembea polepole wakiogopa. Mikanda hiyo wifi aliichukua, na kwa mwaka mmoja akawa anaijua kuliko mtu yeyote kati ya Mto Rufiji na Mbagala.

Ngoja nieleze kuhusu ubora wa picha, kwa sababu wanangu huniuliza tulikuwa tunatazama nini hasa, na kila nikieleza hawaamini. Mkanda wa kwanza hutoka kiwandani ukiwa safi. Mtu anaunganisha deki mbili kwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi, anapata mkanda wa pili, uliofifia kidogo. Mwingine ananakili ule wa pili. Mwingine wa tatu. Waliowahi kusuka mikeka ya ukindu wataelewa haraka. Fungu la kwanza unalochovya kwenye rangi inayochemka linatoka jekundu kweli. La pili linatoka hafifu. Ukifika la tano unabaki kubishana na jirani kama limechovywa au limeungua na jua. Sisi wa Kibiti tulikuwa fungu la tano, pengine la nane. Nyuso zilikuwa yai jeupe lenye matundu mawili ya macho, na mara nyingine hata macho hayakuwapo. Usiku wa kwenye picha ulikuwa weusi mtupu, tena kwa dakika nyingi. Juu ya yote zilinyesha chenga, vile vidoti vinavyorukaruka, tulivyoviita hivyo kwa kufanana na punje za mchele zilizovunjika. Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Nami nasema kwa moyo wangu wote kwamba zilikuwa picha nzuri. Baadaye nimeona sinema safi, ambazo unahesabu nywele za kichwa cha mtu, na nimezifurahia. Lakini sijawahi tena kukaza macho kwenye kona ya kioo kwa namna ile, wanawake thelathini kwa pamoja, tukiulizana kama kile nyuma ya kiti ni pazia au ni mtu.

Mkanda tulioupenda kuliko yote haukuwa na jina. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, na dakika za mwanzo kuna mtu alikuwa amerekodi juu yake harusi ya Kihindi ya watu tusiowajua. Wanawake waliipenda ile harusi pia na hawakukubali irukwe. Halafu ghafla harusi inakatika, na tunajikuta ndani ya nyumba yenye ngazi ndefu. Familia imehamia. Juu analia mtoto, na familia hiyo haina mtoto. Usiku wa tatu mwanamke mweupe anashuka ngazi polepole, na baba wa nyumba, aliyesimama chini, anazimia. Lugha hatukuijua. Wifi alisema ni Kitaliano, mimi nikasema Kigiriki, na kwa kuwa hapakuwa na wa kutukosoa, tuliendelea hivyo. Tukaliita Picha la Ngazi.

Wifi alifafanua akiwa amesimama kando ya televisheni na mwiko wa ugali mkononi, akiutumia kuonyeshea kama mimi nilivyotumia fimbo ubaoni.

"Haya, huyu ni mama mwenye nyumba. Anauliza, nani kaacha mlango wa nyuma wazi?"

"Mlango uko wapi?" sauti ilitoka gizani.

"Huu hapa."

"Huo si kabati?"

"Kabati gani linaingiza upepo, we mama? Ona pazia linavyopepea."

"Zile si chenga?"

"Chenga zinapepea kutoka juu kwenda chini. Hii inapepea kwa pembeni. Kaza macho, mwenzangu, hukuja kulala."

Sijapata kuona mtu mwenye kipaji kama kile. Chuoni nilifundishwa jinsi ya kuanza somo na jinsi ya kuuliza maswali, lakini kwa wifi ndiko nilikojifunza jinsi watu wanavyoshikwa. Alikuwa haharakishi. Mtu akipotea, alirudi naye. Na yule mwanamke wa kwenye ngazi alipotokea, wifi alishusha sauti mpaka tukasogea wote mbele. "Huyo," alisema. "Amevaa gauni jeupe, refu, la mikono mirefu. La kuzikiwa. Anamtafuta mtoto wake." Mabenchi yalitetemeka kwa watu kushikana.

Tatizo lilianza baada ya picha hilo kuonyeshwa mara ya tatu. Miongoni mwa watazamaji alikuwako bibi mmoja muuza vitumbua, mtu mzima, mcha Mungu, asiyekosa Jumamosi hata moja na asiyekubali kitu kwa kuambiwa tu. Siku hiyo alikaa benchi la mbele, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Maalim, mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, akamwambia kwamba bandani kunaonyeshwa mwanamke anayeshuka ngazi uchi wa mnyama.

Maalim hakuwa mtu wa kelele. Alimtuma mtoto kusema kwamba Jumamosi ijayo atakuja kutazama mwenyewe, pamoja na wazee wawili. Shemeji aliposikia alimwambia wifi mbele yangu, bila ukali, "Mimi nafanya biashara na mtaa huu. Maalim akikunja uso tu, Jumamosi inarudi kwa wanaume. Usinililie."

Wifi hakulia. Alikuja kwangu Jumatano na mkanda ndani ya kanga.

"Wifi, wewe ni mwalimu. Utusafishie hii, mtu aonekane."

Nilifungua zile skrubu tano za chini nikabaki nimeduwaa. Ndani ya mkanda kulikuwa na pumba. Nasema kweli, pumba za mpunga, na vumbi lake laini la rangi ya udongo limejipaka pembeni mwa utepe wote.

"Pumba hizi zimetoka wapi?"

"Masika mikanda ilikuwa inaota ukungu," alisema. "Nikaihifadhi mahali pakavu."

"Wapi?"

"Kwenye kilindo cha mbegu."

Kilindo ni chombo kikubwa cha gome la mti, cha kuwekea nafaka, na mpunga wa mbegu wa msimu ujao hukaa humo usiguswe na unyevu. Kila mkulima wa bondeni anajua hilo. Wifi alifikiri vizuri kabisa, kama mkulima: kinachotunza mbegu kitashindwaje kutunza utepe? Na kweli ukungu ulikoma. Ila kila Jumamosi deki ilikuwa inasaga pumba, na sehemu ya zile chenga tulizokuwa tukizibishania ilikuwa ni mavuno yake mwenyewe. Nilipomweleza alikaa chini akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe tumekuwa tunatazama shamba langu!"

Nilinunua spiriti duka la dawa. Kwa siku mbili, jioni baada ya kusahihisha madaftari, niliuzungusha utepe kwa mkono, kidogo kidogo, nikiupangusa kwa kitambaa laini cha pamba. Ni kazi ya subira lakini haihitaji utaalamu mkubwa, na anayeogopa mashine nampa moyo: ukienda polepole na ukakumbuka kila skrubu imetoka wapi, mashine nyingi zitakuvumilia. Kichwa cha deki nilikipangusa vivyo hivyo. Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini, mimi na wifi tukawasha jenereta kujaribu.

Picha ilikuwa imebadilika. Siwezi kusema ilikuwa safi, maana unakili haufutiki kwa spiriti. Lakini ngazi zilikuwa na vishikio, jambo ambalo hatukulijua. Ukutani kulikuwa na saa. Baba wa nyumba, tuliyemdhania kipara muda wote, alikuwa na nywele. Nilifurahi kama mtoto. Nikamgeukia wifi nikamkuta ameshika waya wa televisheni.

"Zima," alisema.

"Bado hajashuka."

"Ndiyo maana nasema zima."

Nikazima.

"Wifi," alisema, "tukimwona yuko uchi?"

Kwa siku mbili nilikuwa nimesugua utepe kwa bidii, na halikunijia hata kidogo wazo kwamba kadiri ninavyosafisha ndivyo ninavyoweza kuwa naandaa ushahidi dhidi yake.

"Tutazame sasa," nikasema. "Tukimwona amevaa, unalala salama. Tukimwona hakuvaa, kesho unaharakisha mkanda pale, basi."

"Nikiharakisha, nitakuwa nimemdanganya Maalim. Nisipoharakisha, nitakuwa nimeleta wazee wa watu kutazama uchi, nami nilijua." Alifikiri kidogo. "Sitaki kujua kabla yao. Nitajua nao."

"Na tukiacha kama ilivyokuwa? Pumba ziko tele."

Aliniangalia kwa jicho la wifi, lile la nusu mzaha. "Mwalimu mzima unanifundisha kuchafua?"

Nilimkubali siku ile kuliko siku yoyote. Alikuwa anaweza kuniomba niurudishe mkanda kwenye kilindo, na nisingemlaumu.

Jumamosi banda lilijaa mpaka nje ya turubai. Maalim na wazee wawili walipewa viti vya nyumbani, vya mgongo, mbele kabisa. Tuliwaamkia, wakaitikia. Muuza vitumbua alikaa nyuma yao, amejitanda vizuri, uso umekazwa kama wa mtu anayekwenda barazani. Shemeji alisimama mlangoni. Ile harusi ya Kihindi ilipoanza, mzee mmoja aliuliza kama ndiyo yenyewe, akaambiwa bado, akasema basi hii nayo ni nzuri.

Wifi alifafanua kama kawaida yake, ila sauti ilikuwa juu kidogo. Familia ikahamia. Mtoto akalia. Wazee wakasogeza viti. Ngazi zikatokea na vishikio vyake, wanawake wakaguna kwa kushangaa, na juu kabisa pakatokea kitu cheupe.

Kilikuwa na kichwa, hilo tuliliona wote kwa mara ya kwanza. Chini ya kichwa palikuwa na weupe mrefu, unaoyeyuka pembeni. Hapakuwa na zaidi.

"Simamisha," alisema Maalim.

Nikabonyeza rimoti. Sasa, deki zile ukisimamisha mkanda hazikukupa picha tulivu. Zilikupa mistari miwili mikubwa katikati, ikitetemeka, na mwanamke wetu akakatwa mapande matatu.

"Korongo huyo," alisema mzee wa kwanza.

"Korongo anashuka ngazi?" mwenzake akamjibu. "Ile ni nguo. Tena ndefu, inaburura."

"Ngozi hiyo, wazee wangu!" muuza vitumbua alidakia. "Ngozi!"

"Ngozi nyeupe vile?" mzee wa pili aliuliza.

"Si mzungu?"

"Hata mzungu hawi kama chokaa, bibi wewe. Mbona mimi nimefanya kazi kwao?"

Banda zima likacheka, na Maalim akanyanyua mkono kidogo. Alimgeukia wifi, na aliongea kwa upole ambao ulinitisha zaidi.

"Binti, nasikia umekuwa ukisema amevaa gauni refu lenye mikono mirefu. Mimi natazama hapa sioni mikono. Wewe umeiona wapi?"

Niliyajua majibu matatu ambayo angeweza kutoa, na yote yangemwokoa. Angeweza kusema aliiona zamani mkanda ukiwa mpya. Angeweza kusema wahusika wenyewe ndio waliosema. Angeweza kusema macho yake yameshazoea. Aliutazama ule mwiko, akauweka chini juu ya televisheni.

"Sikuiona, Maalim. Nilimvalisha mimi."

Mama mmoja wa benchi la kati akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa, "Na ule mlango wa nyuma?"

"Mlango sijui. Inaweza kuwa kabati."

"Nilikwambia kabati!"

"Uliniambia."

"Na kwamba anamtafuta mwanawe?"

"Hilo nilidhani. Mtoto analia juu, na mwanamke anatembeatembea. Nikasema huyu ni mama."

"Na huyo mtoto, au naye umemzaa wewe?"

"Mtoto yupo," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Mtoto nilimsikia. Nyote mmemsikia."

Waliitikia kwamba kweli, mtoto wamemsikia. Nilimwona shemeji mlangoni akitazama chini. Nilijua anachofikiri: si tu kwamba Maalim ataifunga Jumamosi, bali hata asipoifunga, nani atakuja kumsikiliza mtu aliyekiri kwamba alikuwa anatunga?

Maalim alimgeukia muuza vitumbua. "Bibi yangu, wewe ndiye shahidi. Uliona uchi?"

Yule bibi alikitazama kioo kwa muda mrefu sana. Ningeweza kumchukia, lakini sikuweza, kwa jinsi alivyokuwa akijitahidi kutenda haki.

"Niliona nyeupe," alisema hatimaye.

"Nyeupe peke yake?"

"Nyeupe, Maalim. Mengine nilidhani."

"Basi nyinyi wawili mmefanya kazi moja," alisema Maalim. "Mmoja kamvisha, mmoja kamvua, na hakuna aliyemwona." Mzee wa kwanza alianza kukohoa, nikagundua anacheka. "Mimi nimeitwa kutazama. Nimetazama, sikuona. Siwezi kulifungia banda kwa jambo nisiloliona." Akamwelekea wifi tena. "Ila wewe, ukiona, sema umeona. Usipoona, sema huoni. Watu hawa wanakuamini."

"Sawa, Maalim."

Tulitegemea atasimama. Hakusimama. Aliweka kanzu yake sawa kwenye magoti, akaniangalia mimi niliyeshika rimoti.

"Haya, mwalimu, endelea. Huyo mtoto analilia nini?"

Shemeji aliachia turubai likafunga mlango, akatoka kwenda kuongeza mafuta kwenye jenereta. Kwake yeye hayo ndiyo yalikuwa majibu.

Wiki nzima iliyofuata wifi alikuwa na hofu ya aina nyingine. Maalim hakukunja uso, Jumamosi ilikuwa yake, lakini je, ingekuwa na watu? Aliniambia kama wakija kumi atashukuru. Walikuja wote, na wengine wapya, waliosikia kwamba kuna picha ambalo hata wazee wa msikiti wameshindwa kulitolea hukumu. Wakaomba lilelile.

Alianza kwa woga. "Hapa naona mezani kuna kitu, sijui taa, sijui chungu." "Taa!" wakasema upande mmoja. "Chungu!" wakasema wengine, na wifi akawauliza kila upande wameona nini kinachowafanya waseme hivyo, nao wakaeleza, na waliokuwa wakimya tangu banda lifunguliwe wakaanza kuongea. Nilikaa nyuma nikiwaza darasa langu la watoto sitini, na maswali mangapi nilikuwa nimeyajibu kwa sauti ya kujua. Jumatatu nilijaribu kusema "sijui" mbele yao. Walistuka, kisha mikono ikanyanyuka ambayo sikuwahi kuiona.

Lakini hayo yalikuwa Jumatatu. Jumamosi ile, mwanamke alipofika juu ya ngazi, mweupe, amezungukwa na chenga, wifi alivuta pumzi.

"Hapa," alisema, "sioni."

Wakaanza wote kwa pamoja: gauni, shuka, sanda, hakuna kitu, kitu kipo. Muuza vitumbua alikuwa kwenye benchi la mbele, mahali pake. Aliwaacha wabishane mpaka wachoke.

"Jamani," alisema, "mvalisheni hata kanga. Kwao kuna baridi."